Kazi ya Kuuandika Mmea

Mwaka 2018 mwanabotania wa Guinea, Denise Molmou, alifika kwenye maporomoko ya mto Konkouré akabandua mwambani mmea mdogo ambao mtu mwingine angeupita akidhani ni ukoga wa mawe. Vielelezo vyake vilifika mezani pa Martin Cheek, mtaalamu wa bustani ya Kew, London, ambaye kwa miaka mingi ameisoma mimea ya Afrika Magharibi, na huko vikalinganishwa na ndugu zake wote waliokwisha kujulikana. Mwaka 2022 ikachapishwa katika jarida la Kew kwamba ni spishi mpya, nayo ikaitwa Saxicolella deniseae, kwa heshima ya Denise aliyeuokota. Lakini Cheek alipokuwa akikamilisha maandishi alifungua picha za satelaiti ili alitazame lile poromoko, akakuta halipo. Maji ya bwawa la umeme la Souapiti, lililojengwa chini zaidi kwenye mto huo, yalikuwa yamepanda na kulifunika. Makala ileile iliyoupa mmea jina ikalazimika kusema kwamba huenda umekwisha kutoweka.

Waliosimulia habari hii magazetini walishika huzuni yake, na wana haki. Mimi kilichonivuta ni ile miaka iliyo kati ya 2018 na 2022. Mtu anafanya nini na mmea mdogo kiasi kile kwa muda wote huo? Anafanya kazi ambayo wachache huiona na wachache zaidi huisifu: kazi ya kuueleza mmea kwa maandishi, mpaka mtu aliye upande mwingine wa dunia, asiyewahi kuuona, aweze kuutambua siku atakapokutana nao. Kazi hiyo ndiyo ninayotaka kuisifu hapa.

Kwanza tuwajue wanaoandikwa. Saxicolella ni jenasi moja ya familia ya Podostemaceae, yenye spishi zipatazo 300 katika nchi za joto za Asia, Afrika na Amerika. Familia hii imechagua makazi ambayo mimea mingine ya maua huyakimbia: jiwe tupu, katikati ya maji yanayokwenda kwa kishindo. Hakuna udongo wa kuzamishia mizizi. Mizizi imelala bapa juu ya mwamba, mara nyingi ina ukijani na inajitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama lifanyavyo jani, nayo imejigandisha kwa vishikizo vidogo na kwa utando wa bakteria uliotangulia kulifunika jiwe. Wakati wa mvua kila kitu kimo chini ya maji. Huoni ua wala tunda, ni majani tu yanayotikiswa na mkondo. Kiangazi kikifika, mto ukapungua na mwamba ukaanza kuchungulia, mmea unakuwa na haraka. Unachanua, unatunga mbegu, unakauka juani. Mbegu zake ni vumbi tupu kwa udogo. Ganda la mbegu likilowa hutoa ute unaonata, na iliyobahatika hunasa juu ya jiwe kabla ya mafuriko mapya. Zisizobahatika huenda na maji.

Asiyeambiwa atasema huu ni mwani. Kumbe ni mmea wa maua kamili, na uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba jamaa zake wa karibu wamo katika ukoo wa Hypericum, vile vichaka vya maua ya njano vinavyoota juu ya milima yetu, Kilimanjaro ikiwamo. Mwenye kuijua Kilimanjaro na ajaribu kukaa na wazo hilo: mti wa maua ya njano kwenye baridi ya mlimani, na kitu kinachofanana na ukoga chini ya poromoko, ni watu wa ukoo mmoja.

Mfaransa Aublet alimwandika mmoja wa familia hii mwaka 1775, kutoka mito ya Guiana. Zaidi ya karne baadaye J. C. Willis, aliyekuwa mkurugenzi wa bustani ya Peradeniya huko Ceylon, aliisoma kwa bidii mpaka ikamfanya amtilie Darwin shaka. Aliuliza: maji ni yaleyale, jiwe ni lilelile, mwanga ni uleule, imekuwaje maumbo yawe mengi hivi? Hoja aliyoijenga juu ya swali hilo haikushinda. Swali lenyewe halijafa, na kila anayeinamia hadubini kutazama mimea hii hukutana nalo. Nami nina udhaifu wa kuwapenda wanasayansi walioshindwa kwa sababu nzuri.

Sehemu ya jibu imo katika mito yenyewe. Poromoko moja likitengwa na lingine kwa kilomita nyingi za maji tulivu, mmea usioweza kuishi kwenye maji tulivu ni mfungwa wa kisiwa chake. Ndiyo maana spishi nyingi za familia hii zinajulikana kutoka mto mmoja tu, pengine kutoka poromoko moja tu. Afrika Mashariki nayo imo katika habari hii. Tristicha trifaria, mwanafamilia aliyeenea sana barani Afrika, huota kwenye mito yetu yenye mawe, na katika maji ya namna hiyohiyo hukaa Hydrostachys, ambaye ni wa familia nyingine kabisa, yenye spishi nyingi zaidi Madagaska, lakini amejifunza maisha yaleyale.

Sasa kazi. Anayekwenda kuitafuta mimea hii lazima aende kiangazi, kwa kuwa bila ua na tunda hana la kusema. Lazima ajue kukanyaga jiwe lenye utelezi. Kisu chake kiwe chembamba na kikali, maana asipobandua kwa uangalifu mizizi hubaki mwambani, na mizizi ni nusu ya ushahidi. Mmea wa kawaida hulazwa kati ya magazeti, ukawekwa kwenye fremu mbili za mbao, mikanda ikakazwa, magazeti yakabadilishwa mpaka ukauke. Huu wa mtoni ukifanyiwa hivyo tu hugeuka doa jeusi kwenye karatasi, kwa hiyo sehemu yake hutiwa kwenye kichupa cha spiriti ili maua yabaki na umbo lake. (Wapenzi wa magazeti ya zamani wajue kwamba hebaria, yaani hifadhi ya vielelezo vya mimea iliyokaushwa, ni hazina nyingine iliyosahauliwa. Unaweza kufungua karatasi ukitafuta jani, ukajikuta unasoma bei ya katani.)

Halafu lebo. Mto gani, kijiji kipi cha jirani, nyuzi za latitudo na longitudo, mwinuko kutoka usawa wa bahari, tarehe, kina cha maji, rangi ya ua, kwa kuwa rangi ndiyo ya kwanza kupotea, na wenyeji wanauitaje. Mwisho, jina la mkusanyaji na namba yake. Namba hii ni jambo dogo linalonigusa. Kwa desturi mkusanyaji huanza na 1 siku ya kwanza, akaendelea kuhesabu maisha yake yote bila kuanza upya, akihama nchi, akibadili mwajiri, akizeeka. Ukiona jina na namba, umeuona mmea na umeona pia mahali ulipoangukia katika safari ya mtu.

Baada ya hapo vielelezo huenda hebaria, na humo kabatini mambo hupoa. Tumezoeshwa kufikiri kwamba ugunduzi hutokea msituni: mtu anakata kichaka, anapaza sauti, amevumbua. Mara nyingi haiwi hivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba ni asilimia 16 tu ya spishi mpya za mimea zilizoelezwa ndani ya miaka mitano tangu zikusanywe, na kwamba karibu robo ya maelezo yalitumia vielelezo vyenye umri wa zaidi ya miaka 50. Yaani aliyeuchuma mmea alikwisha kustaafu, au alikwisha kufa, ndipo mtu mwingine alipofungua jalada, akatazama, akatazama tena, akasema: huyu simjui.

Yungiyungi mkubwa kuliko wote duniani, Victoria boliviana, wa maji ya Bolivia, ni ushahidi mzuri kwa sababu hakuna anayeweza kusema alijificha. Jani lake hupita mita tatu kwa upana. Vielelezo vyake vilikaa Kew kwa miaka 177 vikiwa chini ya jina la jamaa yake, mpaka mwaka 2022. Aliyemshuku kwa muda mrefu alikuwa Carlos Magdalena, mkulima wa bustani, mtu anayeishi na mayungiyungi hai na kujua tabia zao, akishirikiana na mchoraji Lucy Smith na wataalamu wa vinasaba. Nasisitiza mkulima na mchoraji. Mchoraji wa mimea hawezi kudanganya. Akiwa hajaelewa mwiba umekaaje juu ya sepali, mkono wake utasimama. Kamera hupiga picha ya asichokielewa mpigaji. Kalamu haifanyi hivyo.

Turudi mezani. Swali la kwanza ni kama kuna mtu aliyekwisha kuuandika mmea huu. Sheria ya majina ya mimea inaanzia tarehe 1 Mei 1753, siku ya kitabu cha Linnaeus, kwa hiyo anayeuliza ana zaidi ya karne mbili na nusu za kupekua, kwa Kilatini, Kijerumani, Kifaransa, Kireno. Kila jina lililotangazwa ipasavyo limefungwa kwenye kielelezo kimoja, kipande kimoja halisi cha mmea kilichohifadhiwa mahali fulani. Kukiwa na ubishi, maneno huwekwa kando na kipande hicho hufunguliwa. Nimekuwa nikiona uzuri mkubwa katika kanuni hii. Sayansi yenye fahari yote ya maabara imekubali kwamba hoja ya mwisho iwe tawi kavu lililoshonewa kwenye karatasi.

Kanuni hii pia ni dhaifu kama karatasi yenyewe. Usiku wa kuingia tarehe 2 Machi 1943 mabomu yaliangukia hebaria ya Berlin, na mkusanyiko wake mwingi ukateketea. Humo mlikuwamo mimea iliyochumwa wakati wa utawala wa Wajerumani katika nchi ambayo leo ni Tanzania bara, Rwanda na Burundi: vielelezo vya Usambara, vya Uluguru, vya Kilimanjaro, ambavyo juu yake mamia ya majina yalikuwa yamefungwa. Hadi leo anayeandika mmea wa Tanzania hukutana na majivu hayo. Anasoma maelezo mafupi ya Kilatini ya mwaka 1900 na kitu, anatafuta kielelezo, anaambiwa kiliungua. Ndipo inambidi asake nakala iliyopelekwa Kew, Brussels au Amani, au arudi mlimani palepale kuuchuma upya.

Akiridhika kwamba mmea ni mpya, anaanza kuandika. Maelezo ya spishi yana lugha yake, kavu, inayobana matumizi ya vitenzi. Nitunge mfano wa uongo kwa ajili ya msomaji: Mizizi bapa, imeambaa mwambani, upana mm 1–2. Mashina yamesimama, sm 3–6(–9), hayana matawi. Majani yamegawanyika mara mbili, ncha nyembamba. Ua moja, limefungwa ndani ya kifuko. Kifuko hupasuka kileleni. Stameni 2, zimeungana chini. Ovari laini, haina mbavu. Mtu wa fasihi atasema hapa hakuna mtindo. Upo, na ni mgumu. Kila neno lazima liwe na maana moja tu kwa kila msomaji, na lisiwepo neno la kupamba. Tazama ile 9 iliyo kwenye mabano. Maana yake ni kwamba karibu mashina yote yaliyopimwa yaliangukia kati ya sentimita tatu na sita, isipokuwa moja au mawili yaliyorefuka hadi tisa, na mwandishi hakuyaficha. Angeweza kuliacha lile moja likapotea, na mpaka wake ungekuwa safi zaidi. Waandishi wa habari na wasifu wa viongozi wangenufaika wakiyaazima mabano hayo.

Kazi ya fundi cherehani inaishia kwenye vipimo vya mteja mmoja. Huyu hupima kila kielelezo alichonacho, kisha huandika vazi litakalomwenea kila mwanaspishi ambaye hajazaliwa na lisimwenee jirani hata mmoja. Hapo ndipo penye ustadi wenyewe: kujua tofauti ipi ni ya ukoo na ipi ni ya shibe tu. Mmea ulioota penye maji mengi hurefuka. Hilo si jambo. Lakini katika Podostemaceae za Afrika kuna kundi ambalo ua changa hukaa wima ndani ya kifuko chake, na kundi ambalo ua hukaa kichwa chini miguu juu. Saxicolella ni wa wima. Ledermanniella na Inversodicraea ni wa kichwa chini. Ili kuliona hilo lazima kifuko chenye ukubwa wa punje kipasuliwe chini ya hadubini kwa sindano, na mkono usitetemeke. Jambo dogo namna hiyo linaupeleka mmea kwenye jenasi moja au nyingine.

Mpaka mwisho wa mwaka 2011 maelezo hayo, au walau muhtasari wake, ilikuwa lazima yaandikwe kwa Kilatini ili jina likubalike. Tangu tarehe 1 Januari 2012 Kiingereza nacho kinaruhusiwa. Kiswahili bado hakiruhusiwi kwa sehemu hiyo, na sioni kama ni jambo la kupigania kwanza. La kwanza ni kuwa na waandikaji.

Hapa kuna wanaouliza, na swali ni la haki: wenyeji walikuwa wanaijua mimea hii siku zote, sasa ugunduzi uko wapi? Mfano wangu naupata pwani. Mkilua unajulikana na wanawake wa mwambao na visiwani kwa harufu ya ua lake, kilua, vizazi na vizazi. Kisayansi ulielezwa mwaka 1970 tu, na Bernard Verdcourt, aliyekuwa ameifanyia kazi mimea ya Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Aliupa jenasi yake mwenyewe, na jina la jenasi alilichukua palepale: Mkilua fragrans. Hakuna bibi wa Mombasa au Unguja aliyehitaji kuambiwa mkilua ni nini. Alichoongeza Verdcourt ni mahali pa mkilua katika ukoo: kwamba ni wa familia ya mtopetope, na kwamba katika familia hiyo haufanani na jenasi nyingine yoyote iliyokuwa imeandikwa. Mganga akiletewa mmea huuliza unatibu nini, na mwenye ua huuliza unanukia vipi. Mwandikaji huuliza huyu ni nani, hata kama hatibu, hanukii, hafai kwa lolote. Mimea ya maporomoko iko katika fungu hilo la mwisho kwetu, ingawa baadhi ya jamii za Amerika Kusini zilichoma jamaa zake kupata chumvi. Maarifa ya bibi na ya mwandikaji hayagombani. Yanagombana pale mmoja anapoandika asimtaje mwenzake.

Majina yana siasa yake, na sioni sababu ya kujifanya hayana. Ua la Usambara linalouzwa kwenye vyungu dunia nzima liliitwa Saintpaulia mwaka 1893, kwa sababu lilikusanywa na baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani. Waliombebea mizigo na kumwonyesha njia hawamo kwenye jina. Karne na zaidi baadaye, mwaka 2009, mti wa misitu ya pwani ya Tanzania, nao wa familia ileile ya mkilua, ulipewa jenasi Mwasumbia, kwa heshima ya Leonard Mwasumbi, mwanabotania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambaye jina na namba yake viko kwenye vielelezo vingi vya nchi hii. Mwaka 2024, katika mkutano wa wanabotania Madrid, walipiga kura kuliondoa katika majina ya mimea tusi la kibaguzi lililokuwa limebebwa kwa muda mrefu na spishi nyingi za kusini mwa Afrika. Waliopinga walisema majina yakianza kuguswa hayatatulia. Mimi nadhani waliopiga kura ya ndiyo walifanya sawa, na nadhani pia kwamba Mwasumbia ni jibu bora kuliko kura yoyote: ukitaka majina mengine, kuwe na wakusanyaji na waandikaji wengine.

Tena jina lina kazi mbele ya sheria, jambo ambalo mito inatufundisha kwa ukali. Mto Kihansi unashuka kwa mamia ya mita kwenye ukingo wa milima ya Udzungwa. Mwaka 1996, mradi wa umeme wa megawati 180 ukiwa tayari unajengwa, wachunguzi walikuta kwenye manyunyu ya korongo lake chura mdogo wa rangi ya dhahabu, asiyetaga mayai ila huzaa vichura vilivyokamilika. Alielezwa kisayansi akaitwa Nectophrynoides asperginis. Mwaka 2000 maji mengi yakawa yamepelekwa mtamboni, manyunyu yakakatika. Kwa kuwa chura alikuwa na jina, ilibidi watu wajibu. Yakatandazwa mabomba ya kunyunyizia maji korongoni, vyura wakapelekwa kwenye bustani za wanyama Marekani, na hata baada ya kutangazwa mwaka 2009 kwamba wametoweka porini, wazao wao walirudishwa nyumbani na kuanza kuachiwa Kihansi mwaka 2012. Katika korongo hilohilo ukapatikana mbuni wa mwituni, Coffea kihansiensis, ulioelezwa mwaka 2004 na wanabotania Davis na Mvungi. Hapo tunazungumzia vilivyopata mwandikaji kwa wakati. Vilivyokuwa juu ya mawe ya mabonde mengine, maji yakapanda kabla mtu hajafika na lenzi, havimo kwenye orodha ya waliotoweka, kwa kuwa orodha hiyo haipokei asiye na jina.

Siandiki haya kuupinga umeme. Aliyesomea kwa kibatari hawezi kuwaambia watu wa Guinea au wa Kilombero waikatae taa kwa ajili ya ukoga. Na mara nyingine mpango unaweza kusogezwa, ikiwa kuna kinachojulikana cha kuusogezea. Huko Sierra Leone, Aiah Lebbie aliokota kwenye maporomoko ya mto Sewa mmea ambao tepali zake ni pana kama vijani, wakati za jamaa zake ni nyuzi tu. Yeye na Cheek waliueleza mwaka 2018, na ulikuwa mgeni kiasi cha kuhitaji jenasi mpya: Lebbiea grandiflora. Mto ule unatibuliwa na uchimbaji wa almasi, na mipango ya bwawa ipo. Lakini maelezo yalipokwisha kuchapishwa, watu walijua wanachotafuta, na mmea huo ukapatikana pia Guinea. Hiyo ndiyo faida ya maandishi mazuri: yanampa mtu mwingine macho.

Kwa hiyo nina ombi, nalo ni kwa wanaosimamia mazingira katika nchi zetu. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inayodai Tathmini ya Athari kwa Mazingira kabla ya mradi mkubwa, na majirani wana sheria za namna hiyo. Tathmini ya bwawa ikifanywa wakati wa masika, mwamba uko chini ya maji na mchunguzi ataandika kwa nia njema kabisa kwamba hakuona mmea wa maana. Wekeni sharti kwamba kila poromoko linalotarajiwa kuzamishwa au kukaushwa likaguliwe pia kiangazi, maji yakiwa yamepungua na maua yametoka, na kwamba vielelezo vipelekwe hebaria kabla kibali hakijasainiwa: Dar es Salaam, Arusha, Nairobi, Makerere au Huye. Gharama yake ni nauli, chupa za spiriti, na mshahara wa mtu mmoja anayejua kuupasua ua mdogo bila kutetemeka mkono.